Zizi la Wake Wenza

Olow alipomleta mke wa pili, Habibo hakulia wala hakurudi kwao. Aliendelea kukama mbuzi wake kama kawaida. Majirani wa pembezoni mwa mji wa Takaba wakasema mwanamke yule ana subira. Haikuwa subira. Ilikuwa hasira ya mtu asiye na pa kuipeleka, kwa sababu sheria inamruhusu mume, na umri ulikuwa umeshakwenda, na mtoto wake wa pekee, Muslimo, alikuwa ameolewa mbali huko Bute.

Mke mpya aliitwa Ramlo. Alikuwa mtoto wa mjini, wa Elwak, mkubwa kidogo tu kwa Muslimo, na mikono yake haikujua mbuzi. Olow akamjengea kibanda upande wa pili wa boma, mlango wake ukitazama kule na wa Habibo ukitazama huku. Kila mke akapewa mbuzi wake, kondoo wachache, na zizi lake la miiba. Wakakaa hivyo miaka mingi. Hawakugombana, kwani ugomvi wataka watu wasemezane. Neno likilazimika kupita, lilipitia kwa watoto wa Ramlo walipozaliwa na kukua. "Ilhan, mwambie mama yako beberu wake ameingia kwangu." Ilhan angezunguka kibanda hatua chache, aseme, arudi na jibu.

Olow hakuwa tajiri. Hakuwa na ngamia hata mmoja, na kati ya wafugaji hilo ni jambo la kunyamazia. Lakini alikuwa na fahari yake: nyumba yake haikuwahi kula nyama ya kununua. Mgeni akija, mbuzi alitoka zizini. Mtoto akizaliwa, hali kadhalika. Mgonjwa akihitaji supu, Olow aliingia zizini akashika mguu wa mnyama ambaye yeye aliwajua hata mama yake na bibi yake. Akiwaona watu wa mjini wakibeba nyama ndani ya karatasi alicheka. "Hao wanakula wasichokijua," alisema.

Nyama iliyobaki iligeuzwa nyirinyiri. Kazi hiyo ni ya wanawake. Nyama hukatwa mikanda mirefu, ikaanikwa juani mpaka ikauke, halafu ikakatwakatwa vipande vidogo kama maharagwe na kukaangwa ndani ya mafuta ya mkia wa kondoo, pamoja na iliki. Ikifunikwa vizuri na mafuta yake, inakaa miezi. Kopo la Habibo lilikaa msimu mzima wa kiangazi bila kubadilika harufu. La Ramlo liliharibika kila mara. Habibo aliisikia harufu ikivuka boma, akajua kosa liko wapi, akanyamaza.

Kisha Olow akaugua tumbo. Lilianza kama jambo dogo, likawa kubwa kwa siku chache. Wakampandisha juu ya lori la bidhaa lililokuwa linakwenda Elwak, kichwa chake kwenye mapaja ya Habibo, miguu kwenye mapaja ya Ramlo, maana hakukuwa na nafasi nyingine. Alifariki kabla hawajaiona Elwak. Dereva akasimamisha lori, akashuka, akawaachia nafasi ya kumfunika. Hao wanawake wawili wakatazamana juu ya maiti ya mume wao, na hata hapo hakuna aliyesema kitu.

Eda ilipokwisha, alikuja Bishar, mdogo wake Olow. Alikuwa mtu mwenye adabu, na alichokuja nacho kilikuwa desturi, si uovu. Alitaka kumuoa Ramlo, awachukue watoto wa ndugu yake, Ilhan na mdogo wake Abdisamad, pamoja na mbuzi wao, wakaishi Elwak. Habibo angebaki na sehemu yake.

Asubuhi iliyofuata Ramlo alizunguka boma akasimama mlangoni kwa Habibo. Hakuwahi kusimama hapo.

"Habibo," alisema. "Mimi Bishar simtaki."

Habibo alikuwa anasuka mkeka. Hakuinua uso. "Mwambie mwenyewe."

"Nikimwambia ataniuliza nitakula nini. Mbuzi wangu na wa watoto hawatoshi. Sina anayenisaidia kuchunga."

"Wangu pia hawatoshi."

"Najua. Nimewahesabu."

Habibo aliinua uso sasa. "Umewahesabu mbuzi wangu?"

"Kila jioni, tangu nimeolewa," Ramlo alisema. "Kwani wewe wangu hukuwahesabu?"

Habibo akaona kwamba akikana atakuwa anasema uongo. Akaweka mkeka chini.

"Wakichanganywa?" aliuliza.

"Wakichanganywa wanatosha. Si kwa kuuza. Kwa kula tu, sisi na watoto, na mgeni akija. Kama alivyotaka marehemu."

Bishar alipopewa jibu aliwatazama kwa muda, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeambiwa kwamba paka na mbwa wamefungua duka. Hakuwalazimisha. Alisema tu, "Haya. Mungu awasaidie," akaondoka zake.

Wakavunja mazizi mawili wakajenga moja. Kukata miiba ni kazi ya kuchana mikono, na hapo ndipo walipoanza kusemezana, kwanza kwa matusi. "Vuta!" "Navuta, wewe sukuma!" Mbuzi walipigana pembe siku mbili tatu, halafu wakazoea. Kulikuwa na jike mmoja mweupe mwenye kiburi, aliyeitwa Adey, wa Habibo; huyo ndiye aliyeamua nani alale wapi.

Idi ya kwanza baada ya msiba walimwomba jirani yao, Abdow, awachinjie beberu. Wakakaa na visu wakikata nyama mikanda, wakaianika. Siku mbili baadaye, walipokuwa wakiikatakata vipande vidogo, Ramlo akaweka sufuria jikoni, akataka kutia nyama.

"Ngoja," Habibo alisema. "Haijakauka ndani. Ivunje uone."

Ramlo akavunja kipande. Katikati kulikuwa na unyevu mwekundu.

"Ndiyo maana yako inaoza," Habibo alisema. "Miaka yote unaitia ikiwa mbichi ndani."

"Miaka yote ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa nanusa."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Ramlo alimkazia macho, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka kisu chini, na Habibo, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, akacheka pia, akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya shali. Tangu siku hiyo Ramlo akamwita abaayo, dada. Watoto wakaanza kulala kibanda chochote usingizi ulipowakuta.

Hiyo miaka ilikuwa mizuri, na haikuwa mingi. Mbuzi walizaa. Kopo lilikuwa moja na halikuwa tupu kamwe. Walipika uji wa mahindi ya msaada kama watu wengine, walikosa sukari kama watu wengine, lakini nyama haikuwapungukia, na hawakumwomba mtu. Abdow akiwa na wageni wa ghafla alimtuma mkewe, Ruqiya, kwao. Wanawake wasio na mume wakawa ndio wa kukopesha mnyama. Habibo alijivunia jambo hilo moyoni kuliko alivyopenda kukiri.

Mvua ikakosa. Hilo halikuwashtua, mvua hukosa. Ikakosa tena. Ikakosa msimu baada ya msimu, mpaka watu wakaacha kutazama mawingu. Lambo la maji ya mvua likakauka, likabaki tope, kisha ufa. Maji yakawa ya lori, yakija siku yanayokuja. Wenye ngamia wakahamia upande wa mpaka. Wenye mbuzi wakabaki, kwa kuwa mbuzi waliochoka hawahamishwi mbali.

Habibo na Ramlo walitafuta chakula cha mbuzi kama watu wanaotafuta chakula cha watoto. Walikwenda na kulabu ndefu za mti kuangusha makaka ya migunga, yale maganda yenye mbegu. Makaka yalipokwisha, Ramlo alianza kwenda mjini Takaba, akizunguka nyuma ya maduka akiokota maboksi ya karatasi ngumu, yale ya tambi na biskuti. Wakayaloweka kwa maji kidogo wakayachana vipande, na mbuzi wakala. Adey alikuwa wa kwanza kukubali. Alitafuna karatasi yenye maandishi, macho amefumba nusu.

Kondoo ndio waliotangulia kufa. Mikia yao ya mafuta ilisinyaa ikawa kama mifuko mitupu, halafu wakalala. Baada ya kondoo, wana-mbuzi. Kila asubuhi mmoja wa wanawake hao aliingia zizini kabla ya mwingine, ili amtoe aliyekufa mwenzake asimwone. Wote wawili walikuwa wakifanya hivyo, na wote wawili wakijua.

Wakati huo alikuja afisa wa mifugo, kijana kutoka bara, pamoja na watu wa mradi. Walikuwa na mpango: wafugaji watoe wanyama waliodhoofika, walipwe kidogo, wanyama wachinjwe siku hiyo hiyo, na nyama igawiwe kwa watu wenye njaa. Alizungumza Kiswahili, na Ramlo, aliyesoma kidogo Elwak, akamtafsiria Habibo. Habibo hakungoja tafsiri iishe.

"Mimi habana usa," alisema kwa Kiswahili chake. "Hii mbusi si ya kuusa. Ni ya kula watoto."

"Mama, naelewa. Lakini hawa hawatafika msimu ujao. Sasa bado wana nyama kidogo. Baadaye watakuwa ngozi tu."

"Mungu ndio najua. Wewe hajui."

Kijana akainamisha kichwa.

Walipobaki peke yao, Ramlo alisema kwa sauti ya chini, "Tuwatoe nusu, abaayo. Nusu tu. Maboksi yamepungua, kila mtu anaokota sasa. Nusu watakaobaki watapata chakula cha wenzao."

"Nusu si zizi."

"Ni zizi dogo."

"Ramlo, nusu wakienda, mmoja akifa kila wiki, tutafika wapi? Hatutaweza kurudi. Nimeona watu walivyoanguka. Huanza hivyo hivyo. Wanatoa nusu."

"Na tusipotoa?"

"Mvua itakuja."

"Wewe ulisema hivyo msimu uliopita."

Ramlo alikuwa na haki ya kuchukua mbuzi wake na wa wanawe akawapeleka kwenye lori la mradi. Hakuna kadhi ambaye angemzuia. Alikaa kwenye gogo akizungusha bangili mkononi. Hatimaye akasema, "Haya. Nimekusikia," akainuka kwenda kuloweka maboksi. Jioni hiyo lori la mradi lilipita mbele ya boma lao likiwa na mbuzi wa majirani.

Mvua ilikuja kweli.

Ilikuja baada ya sala ya adhuhuri, kutoka upande wa mashariki, na mwanzoni watu walitoka nje wakainua mikono. Watoto walivua mashati. Ramlo alisimama katikati ya boma kinywa wazi, maji yakimtiririka usoni, akipiga kelele, "Abaayo! Abaayo, ulisema!" Habibo alisujudu pale pale kwenye tope.

Ilinyesha kwa nguvu ambayo ardhi ile haijui kuipokea. Upepo ukageuka ukawa baridi. Mfugaji yeyote anaijua hatari hiyo, na Habibo aliijua, lakini alikuwa ameomba mvua kwa muda mrefu mno hata akasahau kuiogopa. Mnyama aliyekondeana hana mafuta ya kumkinga. Aliyevumilia jua miaka mitatu huuawa na maji ya mchana mmoja.

Ilhan ndiye aliyeona kwanza. "Eddo Habibo," alisema, akimwita shangazi, "mbuzi wanatetemeka."

Wakakimbilia zizini. Mbuzi walikuwa wamekusanyika pamoja, manyoya yamegandamana na mbavu, wakitetemeka bila kutoa sauti. Wawili walikuwa tayari wamelala ubavu. Wanawake wakaanza kuwabeba vibandani. Mbuzi mzima alikuwa mwepesi kama kikapu. Wakajaza kibanda cha Ramlo, wakajaza cha Habibo, wakawafunika kwa nguo, kwa mikeka, kwa blanketi la watoto. Paa la mikeka likapitisha maji. Waliokuwa ndani walianza kuanguka kama walio nje.

"Tuchinje," Ramlo alisema. "Abaayo, tuchinje kabla hawajafa. Wakifa wenyewe ni vibudu, hatuna tena hata nyama. Nimwite Abdow?"

"Abdow yuko ng'ambo ya laga na mbuzi wake. Sikiliza laga hiyo."

Laga, mto ule mkavu wa siku zote, ilikuwa inanguruma kwa maji. Hakuna mtu ambaye angevuka.

Kule kwao mwanamke hachinji. Dini haikumkataza, ni mila tu, lakini mila nayo huushika mkono. Habibo alikuwa amekula nyama ya zizi maisha yake yote na hajawahi kuweka kisu kwenye shingo. Alitazama njia, kama vile mwanamume angeweza kutokea ndani ya mvua. Kisha akamwambia Ramlo, "Shika miguu."

Wakamgeuza wa kwanza kuelekea kibla. Habibo alisema, "Bismillahi, Allahu Akbar," akapitisha kisu. Damu ilitoka kidogo tu, nyembamba, ikachukuliwa na maji.

"Mwingine," Ramlo alisema.

Wakafanya kazi mvuani. Ramlo alikwenda kutoka mbuzi hadi mbuzi akiweka kiganja mbele ya pua. "Huyu anapumua! Njoo huku! Huyu bado!" Habibo alikimbia na kisu, akapiga magoti, akataja jina la Mungu. Mara nyingine alipofika pumzi ilikuwa imekwisha, na Ramlo alitikisa kichwa, wakamwacha hapo. Mara nyingine hawakuwa na hakika, wakamwacha pia, maana wote wawili waliogopa kumlisha mtoto haramu. Wale walioachwa walikuwa wengi kuliko waliochinjwa. Adey alikufa akiwa amesimama, akiegemea nguzo ya kibanda, na hawakujua mpaka Abdisamad alipomgusa.

Kabla ya magharibi hapakuwa na wa kuchinja tena. Walibaki wachache sana wakiwa hai, na hao nao waliondoka siku zilizofuata, kwa kuhara na baridi, mmoja mmoja.

Basi sasa walikuwa na nyama. Hawakuwahi kuwa na nyama nyingi namna hiyo kwa wakati mmoja. Ilikuwa ya bluu, nyembamba, imeshikamana na mfupa, haina mafuta hata ya kupaka kidole. Wakaikata mikanda kama ilivyo desturi, wakaianika ndani ya vibanda, kwa kuwa jua halikutoka siku hiyo, wala ya pili, wala ya tatu. Kuni zililowa. Moto uliowashwa kwa shida ulitoa moshi tu. Ilhan akatumwa kwa Ruqiya na kipande kikubwa, akarudi nacho.

"Amesema nao wanayo, hawajui waiweke wapi," alisema. Akasita. "Na mama yake Ruqiya amesema ya kwetu imechinjwa na mwanamke."

Neno hilo likasambaa. Sheikh Maow, imamu wao, alipolisikia alilikemea baada ya sala. Nyama ni halali, alisema, na mwanamke aliyetaja jina la Mungu mvuani ana thawabu. Watu wakaitikia. Lakini hakuna aliyekuja kuichukua. Labda hawakuwa na haja nayo, kila boma lilikuwa na mizoga yake. Habibo hakupata kujua ilikuwa kwa sababu ipi.

Siku ya nne nyama ikaanza kuteleza vidoleni. Ya tano walikuwa wakiisikia harufu wakiwa mbali. Ramlo alikusanya yote ndani ya gunia, akalikokota mpaka vichakani, akarudi akaosha mikono kwa udongo. Fisi walijilia.

Halafu zikaja nyasi. Wazee walisema hawajaona nyasi za namna ile tangu ujana wao. Zilifika magotini, zikafika kiunoni. Maua ya manjano yalitoka hata kwenye zizi, juu ya samadi. Vipepeo walijaa. Wageni wa mjini walipita kwa magari wakipiga picha. Habibo alikaa mlangoni akitazama malisho hayo yote, na hakukuwa na kinywa cha kuyala.

Kwa miezi kadhaa waliishi kwa kukata nyasi hizo na kuwauzia wenye malori ya mifugo iliyosalia. Kazi ilichosha, na waliokata nyasi walikuwa wengi kuliko wanunuzi. Watoto walianza kukohoa. Ramlo hakuwahi kusema, hata kwa jicho, "Tungetoa nusu." Habibo alilingoja neno hilo kila siku. Kuna jioni alilitafuta mwenyewe.

"Sema tu," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Unajua."

Ramlo aliendelea kufunga mzigo wa nyasi. "Nilikuwa na miguu yangu, abaayo. Ningetaka kupeleka wangu ningepeleka."

Habibo aliona ingekuwa afadhali kama angetukanwa.

Mwishoni alikuja Abdishakur, kaka yake Ramlo, mchukuzi wa mizigo katika soko la mifugo la Garissa. Alikuwa amesikia habari. Alikuwa na chumba kimoja, mke na watoto, na alikuwa amempatia dada yake kazi: kuna wanawake karibu na machinjio wanaosafisha matumbo, wanahitaji mtu. Watoto wangeingia shule.

"Abaayo anakuja na sisi," Ramlo alisema.

Abdishakur alikunywa chai yake. Alitazama ndani ya kikombe, akakizungusha, akanywa tena ingawa kilikuwa kimekwisha. Hakuwa mtu mbaya. Chumba ni chumba.

Habibo akamwokoa. "Mimi nitaenda kwa Muslimo, Bute," alisema.

Wote walijua haendi. Mwanamke hakai nyumba moja na mume wa binti yake, ni aibu kwa wote wawili. Lakini neno lilisemwa, likawapa watu njia. Walipoondoka, Ilhan alilia kwa sauti. Abdisamad aliangalia gari tu. Ramlo alimshika Habibo mikono yote miwili, kisha akapanda.

Habibo akahamia kwenye vibanda vya walioishiwa, upande wa barabara, ambako kila mtu aliwahi kuwa na zizi na hakuna anayelizungumzia. Aliokota kuni. Siku ya Idi alipanga foleni na wengine, akapewa nyama ndani ya mfuko wa plastiki, akaipika bila kuuliza ni ya mnyama gani. Ramlo alipiga simu kila Ijumaa, kwa simu ya Ruqiya. Alisema mikono yake inanuka matumbo hata akioga, na kwamba Abdisamad amejifunza kusema Kiswahili cha Nairobi na anacheka lafudhi ya mama yake.

Mwaka uliofuata mradi ulirudi, safari hii kuwapa wajane mbuzi waanze upya. Jina la Habibo lilisomwa. Akasimama, akapokea kamba zilizofungwa kwa majike wawili wachanga, weupe, wenye afya. Watu wakapiga makofi. Alitembea nao mpaka nyumbani, wakimvuta huku na huku, wakila kila kitu njiani. Akawafunga. Akakaa nao kutwa nzima. Jike mmoja alikuja akamnusa goti.

Asubuhi aliwafungua akawapeleka kwa Ruqiya.

"Wa nini hawa?" Ruqiya aliuliza.

"Wa wanao."

"Na wewe?"

"Mimi mambo ya zizi nimemaliza."

Ijumaa Ramlo alipiga simu, na kabla ya salamu kwisha alikuwa anapiga kelele. Alikuwa amesikia. "Abaayo, wawili! Majike! Wakizaa mwaka huu, mwakani tuna wanne, watano. Nimeshazungumza na Abdishakur. Nitarudi na Ilhan. Tutajenga zizi dogo. Umewafunga wapi? Usiwaache na umande."

Habibo alishika simu. Kwa mbali, ndani yake, alisikia maji yakimwagwa na wanawake wakiitana, na kisu kikinolewa.

"Nimewapa Ruqiya," alisema.

Upande wa pili maji yaliendelea kumwagika.

"Wote?"

"Wote."

Ramlo akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgeni, "Haya, abaayo. Umefanya vizuri. Watoto wa Ruqiya nao wana njaa."

"Ndiyo."

"Nikupe Ilhan?"

"Mwache. Msalimie."

Ijumaa iliyofuata simu ilichelewa. Nyingine haikupigwa. Siku hizi Ramlo hupiga anapokumbuka, na Ruqiya, ambaye kibanda chake kiko mbali kidogo, si mara zote huona haja ya kutuma mtu kumwita Habibo.